Kimya cha Spektra: Uhakiki wa Namna Mwanga wa Infraredi Ulivyosomwa katika Protini zenye Metali za Usanisinuru

1. Utangulizi

Jani bichi lina metali ndani yake. Magnesi hukaa katikati ya kila molekuli ya klorofili. Chuma kimo katika saitokromu na katika vishada vya chuma na salfa. Shaba, atomi moja tu, imo katika protini ndogo iitwayo plastosianini, ambayo Sakae Katoh aliigundua huko Japani mwaka 1960. Hatimaye ipo manganizi: atomi nne zilizokaa pamoja na atomi moja ya kalisi, zikiunganishwa na atomi tano za oksijeni. Kishada hicho ndicho kinachopasua maji na kutoa oksijeni tunayoivuta. Msomaji wa Lubumbashi au Kolwezi, ambaye shaba kwake ni habari ya riziki na aliyesikia tangu utotoni juu ya manganizi ya Kisenge, hatashangaa kuambiwa kwamba metali hizi zina thamani. Huenda akashangaa kuambiwa kwamba kila jani la muhogo shambani mwake linazitumia, kwa vipimo vidogo mno, tangu jua linapochomoza.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki usomaji. Tangu mwaka 1992 wataalamu wamekuwa wakielekeza mwanga wa infraredi kwenye kishada hicho cha manganizi na kusoma alama ambazo mwanga huo unaziacha. Alama hizo huitwa spektra. Spektra ni maandishi ya aina yake: ina kanuni zake za kusomwa, ina mahali pa sauti na mahali pa kimya, na ina wafasiri waliotofautiana. Kwa hiyo mhakiki wa lugha naye ana haki ya kuuliza maswali yake ya kawaida: maandishi haya yanasema nini? Hayasemi nini? Je, pale yaliponyamaza, msomaji ameruhusiwa kusema nini kwa niaba yake?

Hoja yetu ni kwamba kimya cha spektra kilipewa na baadhi ya wasomaji uzito usio wake, na kwamba mwandishi wa Kiswahili anayo katika sarufi yake zana ya kuzuia kosa la namna hiyo, mradi aitumie kwa makini.

2. Kifaa na maandishi yake

Mwanga wa infraredi haukugunduliwa kwa jicho. Mwaka 1800 William Herschel, akiwa Uingereza, alitandaza nuru ya jua kwa kipande cha kioo cha pembe tatu, kisha akaweka vipimajoto katika kila rangi. Kipimajoto kilichokaa nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho haliona kitu, ndicho kilichopanda zaidi. Tangu mwanzo, basi, elimu hii ilizaliwa mahali palipoonekana kuwa patupu.

Kazi yake katika kemia ni rahisi kuieleza. Atomi mbili zilizoungana hazitulii. Hutetemeka kama vitu viwili vilivyofungwa kwa springi. Kila muungano una mtetemo wake, na mwanga wa infraredi unaoafikiana na mtetemo huo hufyonzwa. Wataalamu huupima mtetemo kwa namba wimbi, yaani idadi ya mawimbi yanayoingia katika sentimita moja. Muungano wa oksijeni na hidrojeni katika maji hufyonza kati ya 3,000 na 3,700. Uti wa mgongo wa protini yoyote hufyonza kwa nguvu karibu na 1,650. Kundi la kaboksilati, ambalo ni mkono wa asidi amino kama aspartati na glutamati, hufyonza mahali pawili: karibu na 1,550 na karibu na 1,400. Muungano wa manganizi na oksijeni yenyewe hutetemeka polepole zaidi, chini ya 800. Kaboksilati ina umuhimu wa pekee hapa, kwa maana ndiyo inayoishika metali ndani ya protini. Asidi amino inayoishika metali kwa namna hiyo tutaiita mshikizi.

Taabu huanza pale tunapotaka kumsikiliza mshikizi mmoja. Kishada cha manganizi kimo ndani ya mfumo-nuru wa pili, mkusanyiko wa protini takriban 20 zenye maelfu ya asidi amino, na wote umezungukwa na maji. Kila muungano hutetemeka, na kila mtetemo huandika alama yake juu ya alama za wenzake. Kumtafuta mshikizi mmoja katika spektra ya aina hiyo ni sawa na kumtafuta mtu mmoja kwa sauti yake katika soko la Jumamosi.

Njia ya kutoka katika taabu hiyo ilitokana na tabia ya kishada chenyewe. Mwaka 1969 Pierre Joliot na wenzake, huko Ufaransa, waliangazia mimea kwa mimweko mifupi ya nuru iliyofuatana, wakaona kwamba oksijeni hutoka kwa wingi katika mmweko wa tatu, kisha hurudia kila baada ya mimweko minne. Mwaka 1970 Bessel Kok na wenzake walilieleza jambo hilo kwa hatua tano, kuanzia S0 hadi S4: kila mmweko huondoa elektroni moja katika kishada, na elektroni nne zikiisha kuondolewa, molekuli mbili za maji hugeuka kuwa molekuli moja ya oksijeni. Gizani kishada hutulia zaidi katika hatua ya S1. Kwa hiyo mtaalamu anaweza kupima spektra gizani, akatoa mmweko mmoja, akapima tena, kisha akatoa ya kwanza katika ya pili. Kila kisichobadilika hufutika. Kinachobaki ni spektra ya tofauti, ambayo ukubwa wake ni kama sehemu moja ya elfu ya ile ya awali, au pungufu ya hapo.

Wanaisimu wataitambua mbinu hii mara moja. Tunapoweka *pata* kando ya *bata*, tunafuta kila sauti iliyo sawa ili tofauti moja isikike: /p/ na /b/ ni fonimu mbili. Jozi hiyo hutupa ushahidi ulio imara kabisa. Lakini haituambii lolote juu ya /t/, ingawa /t/ imo katika maneno yote mawili. Atakayesoma jozi ya *pata* na *bata* kisha akatangaza kwamba Kiswahili hakina /t/ kwa kuwa /t/ haikujitokeza katika tofauti, atachekwa darasani. Tuliweke jambo hili akilini, kwa maana hoja yote inayofuata inaliegemea.

3. Pale spektra iliposema

Haki inatudai tuanze na sifa. Mwaka 1992 Takumi Noguchi na wenzake, huko Japani, walitoa spektra ya tofauti ya infraredi ya kishada kinapotoka S1 kwenda S2. Alama za kaboksilati zilionekana wazi. Kabla ya hapo ilikuwa ni kukisia kwamba kaboksilati zilikuwa karibu na manganizi. Sasa zilionekana zikiguswa na kuondoka kwa elektroni. Ikumbukwe kwamba picha ya kwanza ya fuwele ya mfumo-nuru wa pili yenye kishada ndani yake ilitoka Berlin mwaka 2001. Kwa karibu miaka tisa, basi, infraredi ilisema juu ya kitu ambacho bado hakikuwa na picha.

Njia iliyoleta ushahidi ulio imara zaidi ni ile ya isotopu. Ukiondoa kaboni ya kawaida, yenye uzito wa 12, na kuweka kaboni yenye uzito wa 13 mahali pale pale, kemia haibadiliki, lakini springi inabeba mzigo mzito zaidi na mtetemo hushuka. Kwa hiyo alama iliyohama ni alama ya atomi uliyoibadilisha wewe mwenyewe. Hapo mtaalamu hategemei kukisia. Amemvalisha shahidi wake kanzu ya rangi ili amtambue katika umati. Mwaka 1999 Noguchi na wenzake walifanya hivyo kwa nitrojeni nzito katika histidini, wakaeleza kwamba histidini mmoja anashika manganizi. Mwaka 2004 Hsiu-An Chu, Warwick Hillier na Richard Debus walifanya hivyo kwa kaboni nzito katika alanini. Waliona alama karibu na 1,356 ikishuka kishada kilipotoka S1 kwenda S2, wakaitambua kuwa ni ya alanini 344, iliyo mwisho kabisa wa protini iitwayo D1. Mkia wa protini, walisema, umeshika manganizi ile inayopoteza elektroni.

Wakati ule picha za fuwele hazikuwa kali kiasi cha kukata shauri. Picha ilipokuwa kali, mwaka 2011, histidini 332 na alanini 344 walikutwa wote wawili wameshika manganizi. Katika mambo hayo infraredi ilisema, na iliyosema yakathibitika.

4. Pale spektra iliponyamaza

Kati ya mwaka 2005 na 2007 Debus, Hillier na wenzao waliendelea na kazi ile ile kwa njia nyingine. Walichukua bakteria afanyaye usanisinuru kama mimea, Synechocystis, wakabadilisha jeni lake ili mshikizi anayedhaniwa aondolewe na asidi amino nyingine ikae mahali pake. Bakteria huyo aliendelea kutoa oksijeni, kwa hiyo spektra yake iliweza kupimwa. Swali lilikuwa hili: ikiwa aspartati 170 kweli ameshika manganizi, je, kumwondoa hakutafuta alama fulani ya kaboksilati katika spektra ya tofauti?

Hapakufutika alama yoyote ya maana. Walijaribu aspartati 170, wakajaribu glutamati 189, wakajaribu aspartati 342. Mara tatu spektra ilinyamaza. Fauka ya hayo, katika mwaka huo huo wa 2005 waliweka strontiamu mahali pa kalisi, na kwa kuwa alama ya alanini 344 haikuhama, wakahitimisha kwamba mkia wa protini haushiki kalisi.

Mwaka 2011 Yasufumi Umena, Keisuke Kawakami, Jian-Ren Shen na Nobuo Kamiya, huko Japani, walitoa picha ya fuwele yenye ukali wa angstromu 1.9. Angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita. Katika picha hiyo aspartati 170 anaunganisha manganizi na kalisi. Glutamati 189 ameshika manganizi. Aspartati 342 anaunganisha manganizi mbili. Alanini 344, ambaye mkia wake ulisemekana haushiki kalisi, anaunganisha manganizi na kalisi. Wote wanne wamo.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini kabla hatujawalaumu wataalamu hawa, tuyasome maneno yao wenyewe kama mhakiki anavyopaswa. Vichwa vya makala zao juu ya aspartati 170 na aspartati 342 havikusema kwamba asidi hizo hazishiki manganizi. Vilisema kwamba infraredi haikutoa ushahidi kuwa zinashika manganizi ambayo inapoteza elektroni katika hatua zilizopimwa. Sentensi hiyo ina vizuizi viwili. Kizuizi cha kwanza ni ushahidi: kinachokanushwa ni ushahidi, na mshikizi mwenyewe hajaguswa na ukanushi. Kizuizi cha pili ni kile kishazi rejeshi, manganizi *inayopoteza* elektroni: manganizi nyingine zimeachwa nje ya dai. Kwa kipimo cha lugha, vichwa hivyo viliandikwa kwa uangalifu.

Kosa lilikaa katika usomaji wa haraka. Vizuizi viwili ni vingi kwa msomaji mwenye pupa. Katika kusimuliwa upya, kizuizi cha kwanza huanguka, kisha cha pili, hadi kinabaki kijisentensi kifupi: infraredi inapinga fuwele. Ubishi wa kweli ulikuwa na faida, kwa maana uliwalazimisha wataalamu kufikiri upya juu ya namna chaji inavyogawanyika katika kishada. Yawezekana elektroni inayoondoka haimwathiri mshikizi huyu kwa kiasi cha kupimika. Yawezekana anayeshika metali mbili kwa wakati mmoja hutetemeka kwa namna isiyotabirika kwa kanuni zilizopatikana katika molekuli ndogo. Yawezekana pia asidi amino iliyopachikwa badala ya ile ya asili ilichukua kazi ya mwenziwe. Mwaka 2016 Shin Nakamura na Noguchi walianza kutoka upande wa pili: walichukua muundo wa kishada uliokwisha julikana, wakakokotoa mitetemo ya washikizi wote kwa pamoja, kisha wakailinganisha na spektra iliyopimwa. Hiyo ndiyo njia ya msomaji mzuri, ambaye huisoma sentensi nzima pale neno moja linapomshinda.

Hukumu yetu juu ya matukio haya ni hii. Katika spektra ya tofauti, alama iliyopo na iliyothibitishwa kwa isotopu ina uzito wa ushahidi. Alama isiyokuwapo ina uzito wa swali. Dai la kwamba mkia wa protini haushiki kalisi ndilo lililovuka mpaka huo waziwazi, kwa kuwa lilikanusha tendo la mshikizi badala ya kukanusha kuonekana kwake.

5. Je, fuwele ndiyo hakimu?

Msomaji anaweza kusema: ikiwa picha ya fuwele imekata shauri, infraredi ya nini tena? Swali hilo halina budi kujibiwa, kwa sababu picha nayo ina vimya vyake.

Kwanza, mionzi ya eksi inayopiga picha hiyo huharibu inachokipiga. Mwaka 2005 Junko Yano, Vittal Yachandra na wenzao walionyesha kwamba mionzi hiyo hurudisha elektroni kwa manganizi na kuvuruga kishada kabla picha haijakamilika. Hata picha ya mwaka 2011 haikuepuka shaka hiyo: baadhi ya masafa kati ya manganizi na oksijeni yalikuwa marefu kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2015 Michihiro Suga, Shen na wenzao walitumia leza ya mionzi ya eksi yenye mapigo mafupi mno, ambayo humaliza kupiga picha kabla uharibifu haujatokea, na baadhi ya masafa hayo yakapungua. Pili, picha zilipigwa kwa bakteria wa jamii nyingine, anayependa joto, si Synechocystis wa Debus. Tatu, na hili ndilo kubwa, mionzi ya eksi huiona hidrojeni kwa shida sana, ilhali kupasua maji ni habari ya hidrojeni tangu mwanzo hadi mwisho: ni nani aliyeiachia protoni, imepita njia gani, imepokelewa na nani.

Hapo infraredi hurudi kwa heshima. Muungano wa oksijeni na hidrojeni hutetemeka kwa sauti kubwa, na ukiweka hidrojeni nzito mahali pa ile ya kawaida, alama huhama mbali sana. Noguchi na Miwa Sugiura waliitumia njia hiyo mwaka 2000 kuonyesha molekuli ya maji ambayo hali yake hubadilika kishada kinapopoteza elektroni. Mwaka 2023 kundi la Holger Dau, huko Berlin, lilifuatia mabadiliko ya infraredi kwa vipimo vya sehemu za milioni za sekunde, likaeleza namna protoni na elektroni zinavyosogea kabla tu ya oksijeni kuundwa. Mwaka huo huo kundi la Yano na Yachandra lilitoa picha za leza za kipindi hicho hicho. Kazi hizo mbili zilitoka katika toleo moja la jarida la *Nature*, na zinafaa kusomwa pamoja, kila moja ikijaza mahali ambapo nyingine imenyamaza.

Kwa hiyo hapana hakimu mmoja. Wapo mashahidi wawili: mmoja aliona umbo lakini hakuona mwendo wa hidrojeni, mwingine aliona mabadiliko lakini hakuona kilichotulia. Mahakama yoyote ya kijiji ingejua namna ya kuwahoji.

6. Sarufi ya kutokuonekana

Sasa tufike kwenye lugha, ambako jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Tuchukue matokeo yale ya aspartati 170 na tujaribu kuyaandika kwa Kiswahili sanifu. Mwandishi atajikuta mbele ya milango minne:

a) Athari ya aspartati 170 haikuonekana.
b) Athari ya aspartati 170 haijaonekana.
c) Athari ya aspartati 170 haionekani.
d) Aspartati 170 haishiki manganizi.

Sentensi (a) inasimulia tukio: siku fulani, kwa kifaa fulani, watu walitazama wakakosa. Sentensi (b) inaacha mlango wazi. Kiambishi *-ja-* kinakiri kwamba kazi inaendelea na huenda kesho ikaleta jingine. Sentensi (c) inatoa kanuni: kwa njia hii haiwezi kuonekana, leo wala kesho, kwa kuwa ndiyo hali ya njia yenyewe. Sentensi (d) imeacha kusema juu ya mtazamaji. Inasema juu ya jani. Matokeo ya mwaka 2005 yaliruhusu (a) na (b). Baada ya mwaka 2011 tunaweza kujadili kama (c) ni kweli. Sentensi (d) haikuruhusiwa wakati wowote.

Kwa maoni yetu, ulazima huu wa kuchagua ni neema. Kitenzi cha Kiswahili hakimruhusu mwandishi kukanusha kwa jumla; humdai aseme kama kutokuonekana huko ni kwa jana, kwa hadi sasa, au kwa siku zote. Nomino hutupa maficho ambayo kitenzi hakitupi. Mtu akiandika *hakuna ushahidi kwamba aspartati 170 anashika manganizi*, ameandika sentensi sahihi, lakini masikioni mwa watu wetu maneno *hakuna ushahidi* yananuka mahakama: kesi imefutwa, mshtakiwa aende zake. Msomaji hatasikia kwamba uchunguzi unaendelea. Ndiyo maana tunapendekeza kwamba katika kutafsiri habari za sayansi, hasa za majaribio yanayotegemea tofauti, mfasiri arudi kwenye kitenzi na ataje kifaa: *katika jaribio hili la infraredi, athari ya kumwondoa aspartati 170 haikuonekana*. Sentensi ni ndefu kidogo, lakini haimdanganyi mtu.

Hali kadhalika kwa vitenzi vya kukubali. Wanafunzi wetu huandika kwa urahisi kwamba spektra *inaonyesha* kila kitu. Kiswahili kina ngazi: spektra huweza *kudokeza*, ikiwa alama ipo lakini mwenyewe hajulikani, *kuashiria*, ikiwa alama inafanana na ile ya molekuli ndogo inayojulikana, *kuonyesha*, ikiwa isotopu imeihamisha, na *kuthibitisha*, ikiwa shahidi wa pili, asiyehusiana na wa kwanza, amesema vivyo hivyo. Kwa ngazi hiyo, alanini 344 kama mshikizi wa manganizi alidokezwa na spektra za awali, akaonyeshwa mwaka 2004, akathibitishwa mwaka 2011.

Istilahi zenyewe nazo zina vimya. Neno *usanisinuru* limejengwa vizuri kwa *usanisi* na *nuru*, na hatupendekezi liachwe. Lakini halitaji maji wala metali. Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao walionyesha mwaka 1941, kwa oksijeni nzito, kwamba oksijeni itokayo katika jani hutoka katika maji. Mwalimu anayefundisha kwa kulifumbua neno tu anaweza kupita somo zima bila kuyafikia maji, na mwanafunzi akadhani kwamba hayamo. Kosa ni lile lile la kusoma kimya kama utupu, ila limehamia kwenye kamusi.

7. Hitimisho

Yapo yanayotegemea usomaji huu nje ya chuo. Katika nchi nyingi wataalamu wanajaribu kutengeneza vichocheo vitakavyopasua maji kwa nuru ya jua ili kupata hidrojeni ya kuchoma. Iridi na rutheni hufanya kazi hiyo vizuri, lakini ni adimu na ni ghali. Manganizi ni nyingi, na hata ardhi ya Lualaba inayo. Anayetaka kuiga kishada cha jani ni lazima ajue ni mikono mingapi inayokishika, na iko wapi. Anayeondoa mikono mitatu kwa sababu spektra ilinyamaza atatengeneza kitu kisichofanya kazi, naye hatajua kwa nini.

Kwa upande wetu jambo lina uzito mwingine. Katika Kongo, wanafunzi wa sayansi hujifunza kwa Kifaransa, na Kiswahili, ingawa ni mojawapo ya lugha nne za taifa, huingia katika mambo haya kwa mlango wa tafsiri na muhtasari. Lugha iliyo na vitabu vingi vya sayansi huweza kuvumilia sentensi mbovu, kwa maana msomaji atakutana na ya pili itakayoisahihisha. Lugha iliyo na vitabu vichache haina ulinzi huo: sentensi moja iliyoandika *haishiki* mahali pa *haikuonekana* yaweza kunakiliwa daftari kwa daftari kwa miaka mingi, pasipo mtu wa kuirudisha kwenye chanzo chake. Ndiyo sababu tunawaomba wafasiri na walimu wa istilahi waichukue sarufi ya ukanushi kuwa sehemu ya kazi ya sayansi, sawasawa na uchaguzi wa maneno ya kuita atomi. Orodha za istilahi tunazo kadhaa. Mwongozo wa namna ya kukanusha matokeo ya jaribio bado hatujauandika, na kazi hiyo inawafaa wanaisimu na wanakemia wakae meza moja.